Kasapa: kosa la mmoja, azabu ya wote

Mwaka nilipojiandikisha kwenye shule moja ya juu hapa Lubumbashi (jina lake naliacha), karani alinisogezea karatasi tatu na biki. Ya kwanza ilikuwa ya jina na tarehe ya kuzaliwa. Ya pili ilikuwa ya feza. Ya tatu ilisema kwamba ninakubali kufuata kanuni za shule, na kwamba nikizivunja nitapokea azabu. Nyuma yangu mulongo wa watu ulifika mpaka barabarani, jua lilikuwa kali, nikatia sahihi. Kisha nikauliza kanuni zenyewe ziko wapi nizisome. Karani alinitazama sawa vile nimemuomba mshahara wake.

Miaka miwili kisha ile siku, mtu fulani wa promosyo yetu aliandika matusi kwenye ubao juu ya asistanti mmoja. Asistanti aliingia, akasoma, akauliza ni nani. Hakuna aliyejibu. Akasema: vizuri, mtajibu kwenye kota. Promosyo nzima, zaidi ya watu mia moja, ilipata sifuri kwenye kazi za mazoezi za somo lile. Wenye pointi nyingi waliponea kwenye sesyo ya pili. Wenye pointi kidogo walirudia mwaka. Yule aliyeandika matusi, ambaye sisi wote tulimjua, alipita, kwa sababu alikuwa na mjomba kwenye ofisi ya juu. Rafiki yangu mmoja, msichana aliyekaa siku zote kwenye kiti cha mbele na ambaye siku ile hakuwa hata darasani, alikosa feza ya kurudia mwaka. Leo anauza unga wa mahindi kwenye soko ya Kenya. Anauza vizuri, anacheka na wateja, lakini ukimtajia ile shule anafunga mdomo.

Ninaanza na habari hii kwa sababu kila mara tunapozungumza juu ya mwenendo wa wanafunzi wa vyuo vikuu, mazungumzo yanakwenda upande mmoja tu: sketi fupi, suruali zilizopasuka, pombe kwenye homu, wizi wa mtihani, kelele usiku. Wazazi wanatikisa kichwa. Wachungaji wanahubiri. Wakubwa wa vyuo wanabandika tangazo. Na mambo hayo yapo kweli. Nani hajaona mwanafunzi anaingia kwenye mtihani na silabus nzima ndani ya simu? Nani hajasikia juu ya yule anayelipa mtu amuandikie kazi yake ya mwisho wa masomo? Sitetei hata moja. Lakini inchi yetu haijakosa kanuni za mwenendo, tunazo za kujaza kabati. Imekosa kitu kidogo na cha bei ndogo: kumtafuta aliyefanya kosa, kumwambia kosa lake, kumsikiliza, na kumuazibu yeye tu.

Kwa wasomaji wa Goma, Bukavu ao Bunia wasioijua Lubumbashi, Kasapa ndiko kampasi kubwa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, pamoja na homu za wanafunzi. Gereza kuu la mji nalo linaitwa Kasapa. Ukiambia mtu hapa kwamba mtoto wako yuko Kasapa, anaweza kukuuliza: Kasapa ya kusoma ao ya kufungwa? Ni mzaha wa zamani na wanafunzi wenyewe wanaupenda. Kuna usiku mmoja ambao mzaha huo hauwezi kuugusa, usiku wa tarehe 11 kuamukia 12 Mei 1990.

Tukumbuke namna mambo yalifuatana, kwa maana karibu wanafunzi wote wa leo walizaliwa kisha. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza kule N'Sele mwisho wa chama kimoja. Watu walishangilia. Tarehe 3 Mei alirudi na hotuba ingine, iliyopunguza yale watu walizani amewaahidi, na furaha ikageuka hasira. Wanafunzi wa Lubumbashi walianza kuandamana. Katika siku zile wakageukia wenzao waliozaniwa kuwa wapelelezi wa serikali, wale waliokuwa wanaitwa “mouchards”. Waliwakamata, wakawapiga, wakawaaibisha mbele ya watu. Hapakuwa na shitaka lililoandikwa wala shahidi aliyeulizwa mara mbili. Kundi lilipiga kelele kwamba huyu ni mmoja wao, na ilitosha. Kutoka Equateur, jimbo la Mobutu, kulifanya mtu azaniwe haraka zaidi.

Kisha usiku ukaja. Waliopona walisimulia kwamba umeme ulikatika kampasini, na kwamba watu waliofunika nyuso waliingia homu kwa homu na silaha za kukata, wakiuliza neno la siri: lititi mboka. Aliyelijua alipita. Asiyelijua alipigwa, na wengine hawakuona asubuhi. Serikali ilikubali mtu mmoja tu aliyekufa. Wengine walihesabu makumi, wengine mamia. Ubelgiji iliomba uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, na ushirikiano wa inchi hizi mbili ukavunjika. Muela Ngalamulume Nkongolo alitoa mwaka 2000 kitabu kizima juu ya usiku ule, Le campus martyr, na hata hivyo mpaka leo hakuna hesabu ya wafu inayokubaliwa na wote.

Sipimi mambo haya mawili kwenye kilo moja. Mwanafunzi aliyempiga mwenzake na muuaji aliyetumwa usiku hawabebi mzigo sawa, na anayetumia vipigo vya mchana kueleza mauaji ya usiku anarudilia maneno ya watu wa Mobutu wenyewe. Lakini nimesoma na kusikiliza ushuhuda wa siku zile mara nyingi, na kitu kimoja kinanikamata kila mara. Mchana, kundi la wanafunzi liliuliza: wewe ni wa upande gani? Usiku, watu wenye visu waliuliza swali lilelile kwa lugha ingine. Hakuna hata saa moja ambapo mtu aliulizwa: wewe ulifanya nini?

Na haikuanza mwaka 1990. Tarehe 4 Juni 1969, askari walipiga risasi wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wanaandamana Kinshasa. Juni 1971, wanafunzi walipotaka kukumbuka wafu wao, Mobutu alifunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Aliyeandamana na aliyekuwa anasoma kitabu chake walivaa nguo moja ya kijeshi. Mwaka uleule vyuo vikuu vitatu vya inchi, Lovanium, kile cha Kisangani na hiki chetu, vilitiwa katika chungu kimoja kilichoitwa UNAZA. Lubumbashi ilingoja mpaka 1981 kuwa tena na chuo chenye jina lake.

Mtu atasema: hayo ni ya Mobutu, Mobutu alikufa. Sawa. Mwishoni mwa Januari 2019, siku chache kisha Félix Tshisekedi kuapishwa, wanafunzi wa UNILU walitoka barabarani kulalamikia ukosefu wa maji na umeme. Polisi ilipiga risasi, wanafunzi wakafa. Januari 2020, kule Kinshasa, wanafunzi wa UNIKIN walikataa kupandishwa kwa feza za masomo. Kulikuwa na fujo, polisi mmoja aliuawa, jambo baya lililostahili uchunguzi na kesi. Serikali ilifanya nini pamoja na hayo? Ilisimamisha masomo na kuwaambia wote wenye kukaa kwenye homu watoke na mizigo yao. Wote. Yule aliyerusha jiwe, yule aliyekuwa mgonjwa kitandani, yule aliyefika jana kutoka mkoani na godoro begani. Ukitoa watu wote kwenye nyumba, ni kweli unakuwa umemtoa na mwenye kosa. Ila yeye, kati ya wote, ndiye anayejua kujipanga.

Hapa ndipo ninataka kubishana na wanafunzi vilevile, kwa maana ugonjwa huu hauko kwenye ofisi peke yake. Ingia kwenye homu usiku ambao simu imepotea. Wa kwanza kuangaliwa ni “maquisard”, yule asiye na kitanda chake, anayelala chini kwenye chumba cha watu wengine kwa sababu vyumba havitoshi. Kila mtu anajua kwamba yupo, hakuna karatasi inayosema yupo. Simu ikipotea ni yeye. Nimekwisha kuona kijana anapigwa mikanda juu ya simu ambayo asubuhi ilikutwa imeangukia nyuma ya kitanda cha mwenyewe. Hakuna aliyemuomba msamaha, maana aliyepiga alikuwa nani? Alikuwa “homu”. Homu haina jina, haina mkono, haiwezi kuitwa mbele ya mtu yeyote.

Angalia pia mambo ya “poils” na “bleus”. Mwanafunzi mpya anafika na wakubwa wake wa masomo wanamfundisha maisha ya kampasi: nyimbo, majina, kusalimia. Kuna upande mzuri, nisiufiche. Mtoto aliyefika peke yake kutoka Manono ao Kamina anapata ndugu kwa siku tatu. Halafu inafika saa ambapo mtu mmoja ndani ya kundi anamlazimisha kunywa, ao kuvua nguo, ao kulala kwenye matope. Ukiuliza kesho yake nani alifanya hivyo, jibu ni moja: ni desturi. Desturi inabeba kosa lote, na mwenye kosa anaenda kula.

Kwa hiyo azabu ya wote na kosa la kundi ni mapacha. Pale ambapo wakubwa wanaazibu kundi, wenye kosa wanajifunza kukaa ndani ya kundi. Fikiria promosyo yetu. Sisi wote tulimjua aliyeandika matusi. Kwa nini tulinyamaza? Tungesema, tungeitwa “mouchards”, neno ambalo katika mji huu lina damu. Na tulijua kwamba hakuna mahali pa kusema na kusikilizwa vizuri: hakuna mtu ambaye angempa nafasi yule kijana ajieleze, apime uzito wa kosa, kisha aamue. Kungekuwa ofisini na mlango uliofungwa, na jina lako lingetoka nje kabla yako. Asistanti alizani kwamba kwa kutubana wote atatufungua midomo. Alitufundisha kinyume. Wengi wa wale mia leo ni maofisa, walimu, wakubwa wa huduma, na ninasikitika kusema kwamba wengine wanafanya vilevile kazini kwao.

Sheria ya inchi iko wazi kupita tunavyozani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kipengele cha 17, inasema kwamba mtu anajibu juu ya kosa lake mwenyewe na kwamba hakuna anayeweza kufuatwa ao kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kipengele cha 19 kinalinda haki ya kujitetea. Ninajua jibu la wanasheria: hayo ni mambo ya kosa la jinai na ya mahakama, baraza la nizamu la chuo si mahakama. Vizuri. Lakini kama fakilte ya sheria inafundisha jambo hilo asubuhi, itakuwa ajabu kidogo chuo kilekile kilisahau mchana, kwa sababu mwenye kushitakiwa ana umri wa miaka 20 na hana mwanasheria.

Jibu lingine ninalolisikia kwa wakubwa ni la hesabu: wanafunzi ni maelfu, hatuwezi kumtafuta kila mmoja. Hili silikubali hata kidogo. Nenda kwenye mlango wa oditwari yoyote ya mji huu siku ya mtihani. Utaona watu wawili na listi. Wanajua kwa jina na kwa franka nani amelipa, nani amebakiza, nani alipewa muda mpaka Ijumaa. Hawasemi: kuna wasiolipa, basi promosyo nzima itoke. Wanamtoa yeye. Wakati wa feza tunaweza kutofautisha mtu na mwenzake. Tungeweza pia wakati wa kosa.

Na kuna mahali pengine ambapo tunatofautisha vizuri sana. Kila mwanafunzi wa Kongo anajua mzaha wa pointi “zinazoambukizwa kwa ngono”. Tunacheka, na wenye kulipa mzaha huo ni wasichana. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya ngono inaazibu kumsumbua mtu kwa kumtaka kimwili kwa nguvu ya cheo, hata hii haihitaji tafsiri. Sasa msichana anataka kushitaki. Anaenda kwa nani? Kwa dekani, ambaye anakunywa kahawa na mshitakiwa tangu miaka 15. Pale, kwa mara ya kwanza, anasikia maneno mazuri yote: tuhuma si kosa, lete ushahidi, lazima tumsikilize na yeye, tusiharibu jina la mtu. Nakubali kila neno. Profesa ana haki ya kusikilizwa, na mtu asiharibiwe jina kwa uvumi. Swali langu ni dogo: kwa nini haki hii inamfikia profesa tu na haiwezi kupanda ngazi za homu?

Sijui kama wizara ya elimu ya juu itabadilisha kitu hivi karibuni, na siingoji. Mambo ninayotaka hayaombi feza ya serikali. Mwanafunzi anayeshitakiwa apewe shitaka kwenye karatasi, lenye siku, mahali na tendo, na apewe siku kadhaa za kujibu. Awe na mtu wa kusema pamoja naye, hata kama ni mwanafunzi mwenzake. Anayemshitaki asikae kati ya wenye kuamua. Huyu asistanti wetu alikuwa mshitaki, shahidi, hakimu na mwenye biki. Azabu itoke kwa maandishi na sababu yake. Na mwisho wa mwaka chuo kibandike, bila majina, makosa yaliyoamuliwa na azabu zilizotolewa, ili kila mtu aone kama mwizi wa mtihani mwenye mjomba na mwizi asiye na mjomba walipimwa sawa. Hilo la mwisho ndilo litakaloumiza watu, kwa hiyo ndilo ninalolipenda zaidi.

Kwa upande wa wanafunzi, komite zao zinaweza kuanza kesho bila kungoja rekta. Simu ikipotea, hakuna kupiga mtu: unaandika, unaita wakubwa wa homu, unangoja. Ninajua kungoja ni kugumu usiku, simu yako ikiwa imepotea na ndiyo yenye feza ya mwezi. Lakini mwanafunzi aliyemfungia mwenzake mkanda kwa neno “inasemekana” hana mdomo wa kulalamika siku ambayo polisi watakuja na “inasemekana” yao.

Wiki iliyopita nilipita soko ya Kenya kununua unga. Rafiki yangu ana kijana anayemaliza masomo ya sekondari mwaka huu, na akipata diploma anataka kusoma mambo ya madini. Alikuwa amekwisha kuuliza bei ya chumba, bei ya silabus, bei ya basi. Alipokuwa anafunga mfuko wa unga, akaniuliza bila kuinua kichwa: “Na kama mwenzake njo anakosa, batamuuliza ye kwanza?” Nilimlipa, nikamwambia kwamba sijui.